Ndoo ya rangi haisemi ndani kuna nini. Mafundi, wenye nyumba na wauzaji njooni tuongee hapa

Brashi Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Mi ni fundi rangi, mwaka wa 17 huu, nilianza kama kibarua wa kupiga msasa Mwananyamala mpaka sasa nina vijana wangu wanne nazunguka nao saiti. Hili jambo nimekaa nalo kifuani tangu mwezi wa sita, leo naliandika lote, ni refu mnivumilie.

Hapa mezani nina chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, nimeinunua kwa mangi hapo nje. Ni maji tu. Ila lebo yake imeandika kalsiamu kiasi gani, magnesiamu kiasi gani, sodiamu, kloraidi, mpaka pH. Pembeni yake nina kopo la lita 4 la rangi ya mafuta, njano ile kali inayong'aa. Limeandikwa inadumu, haipauki juani, kuna picha ya nyumba nzuri, namba ya rangi, tarehe ya kutengenezwa na "weka mbali na watoto". Ndani kuna nini? Hamna hata neno moja. Nimeligeuza kila upande, nimeangalia mpaka chini ya kifuniko.

Na hii rangi ndo naivuta mimi saa nane kila siku, na ndo mwenye nyumba atalala nayo miaka kumi.

Sasa kilichonifikisha hapa. Mwezi wa sita tulipata kazi ya chekechea moja, sitaitaja wala mtaa wake siutaji. Geti, grili za madirisha, bembea mbili na lile la kuteleza. Rangi ya zamani imejaa matabaka, nyekundu juu ya njano juu ya chungwa, inabanduka kama magamba ya samaki. Likizo imebaki siku nne, mwenye shule anataka watoto warudi wakute kunang'aa, tukaingia na msasa mkavu na grainda ya brashi ya waya. Wakuu lile vumbi la njano lilitua kila mahali, kwenye kope za vijana, kwenye ndoo ya maji ya kunywa, kwenye mchanga chini ya bembea. Kijana wangu mmoja akitema mate yanatoka njano na tukawa tunacheka. Tukafagia, tukapaka, tukalipwa, tukaondoka. Jumatatu watoto wakarudi.

Kama wiki mbili mbele yule kijana tumbo likaanza kumkata, choo hakipati, kichwa, na mdomoni anasema kama analamba msumari. Zahanati ya kwanza wakamwambia taifodi. Ya pili vidonda vya tumbo. Daktari wa tatu, dada mmoja mpole sana, ndo akamuuliza unafanya kazi gani, alivyojibu rangi akamuuliza tena, hiyo rangi mnayoikwangua ina madini ya risasi? Kijana akanipigia simu palepale aniulize mimi bosi wake. Sikuwa na jibu. Miaka 17 nashika brashi na sikuwa na jibu.

Kipimo cha risasi kwenye damu tulihangaika nacho, mpaka tunakipata dogo alishakaa nje ya kazi wiki nyingi na tumbo limetulia, kwa hiyo sisimami hapa kusema ilikuwa ndiyo au siyo. Ninachong'ang'ania ni lile swali la daktari. Lilipaswa kuwa na jibu ubavuni mwa kopo.

Kwa wasiojua, risasi ninayosema sio ya bunduki, ni yale madini mazito yanayokuwa kwenye betri za magari. Kwenye rangi inaingia kwa njia tatu. Moja ni kama poda ya kutia rangi yenyewe, kromati ya risasi, ndo inatoa njano kali, chungwa na nyekundu zile za kuita jicho. Pili ni kama dawa ya kukausha, maana rangi ya mafuta bila kikaushio itakaa inanata. Tatu ni kwenye praima ya zamani ya kuzuia kutu ya chuma. Hainuki. Kwa pua huwezi kuijua hata uwe fundi wa miaka 40. WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama, na mtoto mdogo anafyonza mara nne mpaka tano kuliko mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Mwili unaidhania ni kalsiamu, unaiweka kwenye mifupa, inakaa humo miaka, na mama akishika mimba inatoka kwenye mifupa inaenda kwa mtoto. Ubongo wa mtoto ukishaharibiwa na hiyo kitu haurudi.

Kiwango ambacho WHO na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanapendekeza nchi ziweke kwenye sheria ni 90 ppm, yaani kilo moja ya rangi iliyokauka isizidi miligramu 90 za risasi. Mashirika ya viwango, TBS kwetu na KEBS Kenya, wana viwango vya kubana risasi kwenye rangi, hilo silibishi. Shirika la mazingira la AGENDA hapa Dar na wenzao wa IPEN, mtandao wa kimataifa wa kupinga kemikali za sumu, wamekuwa wakinunua makopo madukani na kuyapeleka maabara na kutoa ripoti hadharani. Lakini mimi fundi niliyesimama dukani saa mbili asubuhi na hela ya mteja mkononi, najuaje kopo hili na lile?

Nikaamua kuuliza. Muuza duka hajui. Nikapiga namba iliyo kwenye kopo, nikazungushwa wiki tatu, mwisho dada mmoja wa mauzo akaniambia hiyo ni siri ya kampuni. Kampuni siitaji. Nikaomba basi ile karatasi ya usalama wa kemikali, wenyewe wanaiita SDS, ambayo kwa utaratibu wa kimataifa inatakiwa kuwa na vipengele 16 na cha tatu ndo kinataja vilivyomo. Nikatumiwa karatasi mbili. Kipengele cha tatu kimeandikwa "pigmenti asilimia 10 hadi 25, resini, viyeyushi", yaani poda ya rangi, gundi na vya kuyeyushia. Basi. Hiyo ni sawa na kumwuliza mpishi umeweka nini kwenye mchuzi akakujibu viungo.

Halafu kuna kitu nimekisoma kikaninyima usingizi. Kwa kawaida hizo karatasi za SDS kemikali ya kuleta saratani au ya kuharibu uzazi inalazimika kutajwa ikifika asilimia 0.1. Pigeni hesabu. Asilimia 0.1 ni ppm 1,000. Yaani rangi inaweza kuwa na risasi ppm 900, mara kumi ya kiwango, na karatasi ikakaa kimya bila kuvunja utaratibu wake. Kwa hiyo hata ukiipata karatasi bado unahitaji na ripoti ya maabara ya risasi peke yake.

Ombi langu ni moja tu, kopo litaje vilivyomo kwa jina. Mnasemaje?

---

Kontrakta wa Kibaha

Mkuu pole na kijana wako. Ila niseme ukweli ninavyouona mimi kama mtu wa majengo. Kampuni ikiandika fomula yake kwenye ndoo kesho kutwa kuna mtu uani anatengeneza hiyohiyo anauza nusu bei. Pili, mteja wangu anataka rangi ya kudumu, akipaka leo asiniite baada ya miaka miwili geti limepauka. Hizo rangi zenye nguvu ndo zina hizo kemikali, ukizitoa unabaki na chokaa. Wazee walipaka hizo rangi na wakaishi.

---

Brashi Kavu

Kontrakta nakuheshimu, ngoja nijibu moja moja.

Sijaomba fomula. Mama ntilie akikwambia pilau yangu ina bizari, iliki, mdalasini na karafuu hujapata pilau yake bado, maana kipimo, moto na mkono anavyo yeye. Kampuni itaje jina na namba ya CAS, ile namba ambayo kila kemikali duniani inayo ya kwake kama namba ya NIDA. Asilimia wabaki nazo.

Kwenye kudumu, ni kweli kromati ya risasi inavumilia jua na inafunika vizuri, ndo maana waliipenda na ni ya bei rahisi. Ila sio kwamba bila hiyo hakuna rangi. Oksaidi ya chuma, yaani kutu na udongo mwekundu na njano uliosafishwa, haipauki juani na ni bei nafuu, tatizo lake ni njano iliyopoa kidogo, sio ile ya kuumiza macho. Ukitaka njano kali isiyo na risasi kuna vanadati ya bismuthi, hiyo inadumu sana nje ila bei imesimama. Kwa hiyo mteja anachagua apunguze ukali wa rangi au aongeze hela. Anachaguaje kama haambiwi?

Na wazee hawakupona mkuu. 1904 daktari mmoja wa macho Brisbane kule Australia, Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto waliokuwa wanakuja kwake wanaugua risasi waliipata kwenye vizuizi vya baraza za nyumba zao, jua linaipiga rangi inageuka unga, mtoto anashika, anapeleka mkono mdomoni. Baraza na jua kali, ni nyumba zetu hizi. 1921 shirika la kazi duniani, ILO, wakapitisha mkataba namba 13 wa kukataza risasi nyeupe, yaani poda nyeupe ya madini ya risasi, kwenye rangi za ndani ya majengo. Marekani mpaka 1978 ndo wakapiga marufuku rangi za risasi za majumbani. Miaka 74 toka daktari aseme. Na sisi mafundi wenyewe, shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya kupaka rangi, kazi yenyewe kama kazi, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani, kundi moja na sigara. Mimi nilijua hili mwaka huu.

---

Mkemia wa Nyamagana

Brashi Kavu uzi mzuri sana, nimesoma kemia na nimefanya maabara miaka kadhaa, naomba niongeze kitu maana watu wakisikia sumu kwenye rangi wanadhani ni rangi ya mafuta tu na rangi ya maji wanaona ni salama kama uji.

Rangi ya maji inaoza. Ni maji, gundi na poda, bakteria wanakula, ukifungua ndoo inanuka kama yai viza. Kwa hiyo lazima iwekwe dawa ya kuhifadhi. Na ile ya nje inawekwa dawa nyingine ya kuzuia kuvu na ule ukijani wa ukutani, mvua ikipiga ukuta hiyo dawa inatoka kidogo kidogo inaenda ardhini, ndo namna inavyofanya kazi. Sasa zamani dawa mojawapo ilikuwa ya zebaki. Agosti 1989 Michigan huko Marekani mtoto wa kiume wa miaka minne aliugua, miguu inauma, vipele, jasho, presha juu, tabia imebadilika kabisa. Nyumba yao ilikuwa imepakwa ndani rangi ya maji lita 64, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Walipopima wakakuta rangi ina zebaki kuliko hata ile 300 ppm iliyokuwa inapendekezwa wakati ule. 1990 zebaki ikaondolewa kwenye rangi za ndani. Nani kwenye ile familia angejua ndani ya ndoo kuna zebaki? Alinunua rangi ya maji, nyeupe, haina harufu kali.

Siku hizi dawa zinazotumika sana ni jamii ya isothiazolinoni, mojawapo inaitwa MIT. Sio zebaki, lakini kuna watu ngozi zao zinaikataa vibaya, chumba kikipakwa leo mtu anavimba uso bila hata kugusa ukuta. Mtu kama huyo hahitaji rangi yote iharamishwe, anahitaji herufi tatu ziandikwe kwenye kopo ili asinunue.

---

Mdau Bremen

Habari za huko ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa Tanga niko Ujerumani, nafanya kazi na kampuni ya rangi. Nathibitisha alichosema Mkemia. Huku kopo la rangi ya ukuta lina maandishi "ina" halafu jina la hiyo MIT au nduguye, "inaweza kusababisha mzio". Ni lazima hata kama ni kidogo sana. Pia kuna mstari wa mivuke, yaani zile kemikali zinazopaa hewani rangi ikikauka, wanaandika kiwango kinachoruhusiwa kwa aina hiyo ya rangi na kiasi kilichomo, kwa rangi ya maji isiyong'aa ya kuta za ndani kiwango ni gramu 30 kwa lita tangu 2010. Umo dukani unalinganisha makopo mawili kwa macho yako.

Kitu kingine kwa mafundi mnaopaka zile rangi za kuchanganya mbili, kopo moja la rangi na jingine la hadena, za sakafu za gereji na matangi. Hadena ya poliurethani ina aisosayaneti. Mwili ukishaanza kuikataa unapata pumu na hauwezi tena kurudi kwenye hiyo kazi, harufu kidogo tu kifua kinafunga. Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2023 mtu haruhusiwi kutumia kazini bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya hiyo kitu bila kusomea kwanza. Mimi nimekaa kwenye hiyo kozi. Nikiwa Tanga nilichanganya hiyo hadena kwa mti, kifua wazi, chumba kimefungwa vumbi lisiingie.

Ila nisiwadanganye kwamba huku kila kitu kiko wazi. Huku nako siri zipo. Kopo linataja kile ambacho sheria imetaja, orodha nzima hupewi.

---

Mama Swaleh wa Likoni

Hamjambo nyote. Mimi si fundi, ni mwenye nyumba tu, mjane, nina nyumba ya mabati na tangi la lita elfu tano nalovunia maji ya mvua kwa sababu mfereji kwetu hatuutegemei. Mwaka jana nilipaka paa rangi nyekundu kwa kuwa chumvi ya bahari ilikuwa imeyala mabati. Baada ya mvua ya kwanza maji yalikuwa na rangi ya waridi kidogo, nikaambiwa na fundi hiyo ni rangi tu mama itaisha. Wajukuu walikuwa washayanywa. Nasoma hapa mikono yanitetemeka wallahi.

Sisi watu wa Mombasa hii risasi twaijua wanangu. Owino Uhuru hapa kwetu watu waliumia na wengine wakafa kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, mama Phyllis Omido akapigana nayo miaka, 2020 mahakama ikaamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Sasa ile ilikuwa kiwanda, moshi watu waliuona. Ya kwangu nimejipandishia mwenyewe juu ya paa kwa pesa zangu na kopo halikuniambia neno.

Nifanye nini na haya maji?

---

Mkemia wa Nyamagana

Mama shikamoo. Kwanza usijihukumu, nyekundu nyingi za paa ni oksaidi ya chuma na hiyo haina shida kubwa, ina maana inawezekana kabisa rangi yako ni ile. Lakini kwa kuwa hatujui, maji ya kunywa na kupikia tafuta kwingine kwa sasa, haya ya tangi fulia na oshea. Kuchemsha hakutoi risasi mama, tafadhali hilo wengi wanakosea, ukichemsha maji yanapungua na risasi inabaki vilevile. Chukua chupa safi ya maji ya tangi na kipande cha rangi kilichobanduka, uwapelekee maabara ya serikali, uwaambie hivi, nataka kipimo cha risasi na kromiamu, maana ile kromati ya risasi ina vyote viwili. Kama kopo lipo bado usilitupe. Wajukuu nao daktari awaone na umweleze habari ya paa, usingoje waumwe.

Na kwa wote, anayevuna maji ya mvua amwulize muuzaji kwa maneno haya haya, je rangi hii imetengenezwa kwa paa la kuvunia maji ya kunywa? Hata rangi nzuri mvua za mwanzo baada ya kupaka zimwagwe. Na mabati yanayotoka kiwandani tayari yana rangi nayo yaulizwe, maana chini ya ile rangi unayoiona kuna praima ya kuzuia kutu na kwa miaka mingi praima hizo zimekuwa na kromati ya stronti. Ulaya hiyo tangu Januari 2019 haitumiki bila kibali maalumu. Rangi ya juu ikiwa nzima inakaa chini imefunikwa, kwenye sehemu zilizokatwa na kutobolewa misumari ndo inapokuwa wazi.

---

Mzee wa Malindi Unguja

Assalaam aleikum. Nimefanya kazi za nyumba za mawe hapa Mji Mkongwe tangu kijana. Chokaa yetu tulikuwa tunajua imetoka wapi, jiwe la matumbawe, kuni, tanuu inawaka, halafu maji. Inaunguza macho na mikono, na kila mtoto wa fundi alikuwa anajua inaunguza kwa hiyo anakaa mbali. Ilikuja rangi ya ndoo watu wakaipaka juu ya kuta za mawe na chokaa, ikaziba pumzi ya ukuta, unyevu ukabaki ndani na sasa zinamenyuka vipande vipande, watoto wanaviokota uani. Sikatai mambo mapya. Nasema alotengeneza aseme alotia.

---

Hadiwea Mbagala

Mimi ni muuzaji. Mnatulaumu lakini na sisi tunapewa ndoo imefungwa, kalenda ya bure na fulana. Mteja wa rangi anaulizaga bei, harufu na inachukua mikono mingapi. Kwa miaka tisa aliyeniuliza kilichomo ni wawili, na mmoja alikuwa na mke mjamzito. Kaka Brashi Kavu niambie niulize nini kiwandani nikiagiza mzigo, nitauliza.

---

Brashi Kavu

Kaka Mbagala Mungu akubariki, wewe mwenye oda ndo wanakusikiliza kuliko mimi wa kopo moja.

Uliza SDS yenye majina na namba za CAS kwenye kipengele cha tatu, sio "pigmenti". Ukiona 1344-37-2 hiyo ni njano ya kromati ya risasi, kwenye vitabu vya rangi inaitwa PY34. Ukiona 12656-85-8 ni nyekundu yake, PR104. Hizo mbili mahakama ya Umoja wa Ulaya ilifuta 2019 kibali cha kuziuza baada ya Sweden kushtaki kwamba mbadala upo. Uliza na ripoti ya maabara ya risasi, iwe ya rangi ile ile unayouziwa, maana nyeupe inaweza kuwa safi na njano ya kampuni hiyo hiyo ikawa chafu, kwa hiyo wakikuletea ripoti ya nyeupe wakati umeagiza njano irudishe. Na kama una mashine ya kuchanganyia rangi dukani ulizia pia zile chupa za rangi za kutilia, ndoo safi ukaitia kitu kichafu umerudi palepale.

Kwa mafundi wenzangu, msasa mkavu kwenye rangi ya zamani ya mafuta basi. Lowesha kwanza, msasa wa maji, turubai chini, maski ya kuzuia vumbi laini na sio leso, usile na nguo za kazi na usiende nazo kumkumbatia mtoto nyumbani. Vipande vikusanye, usichome. Najua mteja anaharakisha na kazi ya maji inachelewa. Mwambie sababu. Wateja watatu nimewaambia na hakuna aliyenifukuza.

---

Kontrakta wa Kibaha

Nimerudi. Nimesoma yote mpaka kwa Mama Swaleh. Nina shule ya msingi naikabidhi mwezi wa kumi, madarasa sita na uzio wa chuma umeshanunuliwa rangi yake. Kesho napiga simu kiwandani kabla haijafunguliwa. Hoja ya kuigwa fomula naiondoa, namba za CAS nimeelewa.

---

Hadiwea Mbagala

Mrejesho. Nimeomba viwanda vitatu. Mmoja hajajibu, mmoja kanitumia ile ile ya "pigmenti". Wa tatu, kiwanda kidogo tu, wametuma karatasi tisa, majina yote na namba, na ripoti ya risasi ya njano yenyewe iko chini ya 90. Kaka nimekuwekea makopo mawili, njoo uchukue.

---

Brashi Kavu

Wakuu nimechukua. Jana nilirudi kwenye ile chekechea, nikamweleza mwenye shule kila kitu, nikamwambia kazi ya mara hii ni bure. Mwanzo alikasirika, akakaa kimya, halafu akaniuliza mchanga wa chini ya bembea utakuwaje. Tumeulowesha tukauzoa wote kwa koleo, sentimita kama kumi na tano, tumeufunga kwenye viroba vizito na vimewekwa stoo mpaka tujibiwe ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali wapi vipelekwe, mchanga mpya unakuja leo jioni. Kijana wangu yupo, anafanya kazi za kuchanganya tu, msasa hashiki.

Njano yenyewe imepoa, ni kama embe bolibo lililoanza kuiva. Nimekaa na karatasi tisa nikazisoma usiku kucha, halafu nikachukua maka peni nikaandika ubavuni mwa kopo kwa herufi kubwa: oksaidi ya chuma njano, 51274-00-1. Titani nyeupe, 13463-67-7. Kikaushio hakina risasi. Asubuhi nikawasomea vijana wote wanne kabla ya kufungua kifuniko.

Mama Swaleh, majibu ya tangi yakitoka tuandikie hapa hapa, tunakungoja.